Barua ya wazi: Umeme wa Rufiji umeishia koridoni

Kwa Waziri wa Nishati. Kwa Mkurugenzi Mtendaji wa shirika la umeme, TANESCO. Kwa wakuu wa EWURA, mnaoidhinisha bei za umeme. Na kwa wakurugenzi wa Jiji la Dar es Salaam na manispaa za Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni.

Waheshimiwa,

Chini ya kitanda changu kuna jiko la umeme la presha, limefunikwa kanga mbili. Nalificha ili mama mwenye nyumba asilione. Mimi ni mwalimu wa fizikia wa sekondari. Mchana nawafundisha watoto wa watu kwamba uniti moja ya umeme ni wati elfu moja zikitumika kwa muda wa saa moja. Usiku, saa nne, watu wakishaingia ndani, napika maharage kwa kuibia kama mpika gongo. Jiko likianza kupumua, mke wangu anaongeza sauti ya redio.

Naishi Manzese, kwenye nyumba ya Kiswahili kama zilivyo maelfu ya nyumba za mji huu: korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, uani choo, bafu na kibanda cha mabati tunachokiita jiko. Vyumba sita, familia sita, mita moja ya LUKU, ile ya kununua umeme kabla ya kuutumia. Nyuma ya mlango wa korido imebandikwa karatasi ya daftari yenye maandishi ya wino mwekundu: JIKO LA UMEME, HITA NA PASI MARUFUKU. Chini yake mtu mwingine, nadhani mama mwenye nyumba mwenyewe baada ya malalamiko, ameongeza kwa wino wa bluu: PASI J'PILI TU.

Naandika kwa sababu ya karatasi hiyo. Mnajenga mabwawa, mnavuta laini, mnazindua mikakati, na mimi nawapongeza bila kinyongo. Lakini umeme huo wote, ukishafika Dar es Salaam, unakutana na karatasi ya daftari na unasimama hapo.

Tuanze na mnachokijua kunizidi. Bwawa la Julius Nyerere, kwenye Mto Rufiji, lina mitambo tisa, kila mmoja megawati 235, jumla megawati 2,115. Mtambo wa kwanza ulianza kuingiza umeme kwenye gridi Februari 2024, na huo uwezo wa bwawa peke yake ulikuwa unazidi mahitaji ya nchi nzima ya wakati ule. Miezi miwili baadaye, Aprili, mvua zikiwa zimejaa, ikatangazwa kwamba vituo vitano vya umeme wa maji vimezimwa kwa muda kwa kuwa umeme umezidi. Taarifa hiyo niliisikia nikiwa uani napepea mkaa. Mkaa wenyewe ulikuwa mbichi mbichi, unatoa moshi wa kutoa machozi, na mwanangu mdogo alikuwa anakohoa ndani. Mei 8 mwaka huo huo Rais akazindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, unaotaka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wameachana na kuni na mkaa.

Halafu tazameni jiografia ya jambo hili. Umeme wa Rufiji unapanda kwenye nguzo za kilovolti 400 hadi Chalinze ndipo uje mjini. Mkaa wa Rufiji unapakiwa kwenye magunia, unapanda lori, unafuata Barabara ya Kilwa na kuingia Mbagala. Vyote viwili vinatoka bonde lile lile. Miti inayokatwa huko ndiyo inayoshika udongo wa bonde hilo usisombwe na mvua. Kwetu Manzese mkaa wa lori ndio unaofika jikoni, umeme wa nguzo unaishia kwenye taa na televisheni.

Kwa nini? Sababu si mila wala ladha ya wali wa mkaa, ingawa kila warsha ya nishati safi lazima mtu aitaje hiyo ladha. Sababu ni ile mita moja. Mniruhusu nipige hesabu, ndiyo kazi yangu.

Kila familia katika nyumba yetu, kwa taa, feni, televisheni na kuchaji simu, inatumia kama uniti 25 kwa mwezi. Najua kwa sababu nilinunua Kariakoo kile kidude cha kuchomeka kwenye soketi kinachosoma matumizi, nikazunguka nacho chumba hadi chumba, kwa ridhaa ya wenyewe. Mara sita ni uniti 150. Mnajua sheria ya tarifu yenu, yaani viwango vya bei: kaya isiyovuka uniti 75 kwa mwezi inalipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, yaani 122 mkononi. Ukiwa mtumiaji mkubwa zaidi ya hapo unahamishiwa tarifu ya kawaida ya 292, ambayo ukijumlisha makato ni 356. Ndiyo maana kila mtu mjini anaimba kwamba elfu kumi ni uniti ishirini na nane.

Sasa bachela anayeishi peke yake kwenye nyumba nzima yenye mita yake, anayetumia uniti 60, ni masikini kwa mujibu wa mfumo na anapewa bei ya 122. Sisi familia sita za Manzese, tuliobanana kwenye mita moja, kwa mfumo ni mtu mmoja mwenye matumizi makubwa. Tunalipa 356. Bei iliyowekwa kumlinda mnyonge inampita mlangoni kwa sababu wanyonge wako wengi mno ndani.

Uniti 150 kwa 356 ni shilingi 53,400. Weka na ile kodi ya jengo ya 1,500 inayokatwa kwenye LUKU, ambayo kwa haki ni ya mwenye nyumba lakini anayenunua tokeni ndiye anayekatwa. Gawanya kwa sita: elfu tisa na ushee kwa chumba. Hapo hakuna aliyepika hata chai.

Ningekuwa na mita yangu, ningetumia zile uniti 25 za taa na feni, na uniti moja na nusu kila siku za kupikia. Jumla uniti 70. Kwa 122, ni shilingi 8,540. Rudieni hesabu hiyo kama hamniamini, nami niliirudia mara tatu. Ningepika mwezi mzima kwa umeme na bado ningelipa pungufu ya ninacholipa leo kwa kutazama taarifa ya habari. Mkaa nao, elfu moja na mia tano kwa siku, ni elfu arobaini na tano kwa mwezi, ambazo zingebaki mfukoni. Haya, nitoe za mkaa wa chapati za Jumapili, maana jiko la presha halipiki chapati na mimi sitaki ugomvi na watoto.

Kuhusu hiyo uniti moja na nusu: nusu kilo ya maharage, niliyoyaloweka tangu asubuhi, yalikula sehemu nne hivi za kumi za uniti moja. Hata kwa bei ya juu ya 356 hiyo haifiki shilingi 150. Maharage hayo hayo kwenye mkaa yanataka saa mbili na zaidi na kopo zima. Umeme wa kupikia ni wa anasa kwa yule tu anayetumia jiko la koili, lile linalowaka jekundu muda wote na kupasha ukuta. La presha likishapata joto linajizima lenyewe, linashtuka kidogo kidogo.

Mtaniambia gesi ipo. Ipo, na jirani yangu wa chumba cha tatu anao mtungi wa kilo 6. Ulipoisha uliwekewa kitambaa ukawa stuli ya kukalia mgeni. Tatizo la gesi kwa mtu wa kipato cha siku ni kwamba inataka fedha yote kwa mkupuo, zaidi ya elfu ishirini mkononi siku moja. Mkaa unanunuliwa kwa kopo, ukipata elfu moja unapika kwa elfu moja. Kitu kingine mjini kinachouzwa hivyo, kidogo kidogo, ni umeme: LUKU unanunua ya elfu moja, saa saba usiku, kwa simu, umelala. Mmekwisha kuwa na soko la rejareja ambalo muuza mkaa analionea wivu, lakini yeye ndiye anayeuza. Tena gesi ya mtungi inakuja kwa meli na inafuata bei ya dola. Maji ya Rufiji hayaendi kwa dola.

Sasa mama mwenye nyumba. Msimwone adui. Ni mjane, nyumba aliijenga na marehemu mumewe miaka ya themanini, na waya zilizomo ukutani ni za wakati ule ule. Mtaa wa pili nyumba iliungua, watu wakasema ni jiko la koili, na tangu siku hiyo ndiyo karatasi ikabandikwa. Nilipomfuata kumweleza kwa adabu, alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia: "Mwalimu, wewe nyumba ikiungua unahama. Mimi nahamia wapi?" Sikuwa na jibu, na sina mpaka leo.

Nikamleta fundi umeme. Akafungua soketi moja, akavuta waya, akatikisa kichwa: milimita moja na nusu, ganda limekauka linamomonyoka. Kusuka upya nyumba nzima alitaja milioni na ushee. Vyumba sita kwa elfu sitini ni laki tatu na sitini kwa mwezi, kwa hiyo ni kodi ya miezi mitatu na zaidi, na hiyo kodi ndiyo inayomla na kumvisha. Kuleta mita tano zaidi ili kila chumba kiwe na yake? Tangu Januari 2022 kuunganishiwa umeme mjini, kwa aliye ndani ya mita 30 kutoka kwenye nguzo, ni shilingi 320,960. Mara tano ni milioni moja, laki sita na elfu nne na mia nane. Kijijini ni 27,000. Mjane wa Manzese anahesabiwa kuwa mtu wa mjini, sawa na mwenye ghorofa Masaki.

Kwa hiyo kila jioni, saa moja, mitambo ya bwawa inazunguka na uani kwetu yanawaka majiko sita ya mkaa kwenye kibanda cha hatua nne kwa tatu. Serikali yenyewe hutaja vifo takriban 33,000 kwa mwaka nchini vinavyotokana na moshi wa kupikia. Sitaki kuliongeza neno hilo chumvi.

Ninachoomba hakihitaji bwawa jingine.

Kwanza, EWURA. Zile uniti 75 za bei nafuu zihesabiwe kwa kaya, siyo kwa mita. Mjumbe wetu na ofisi ya serikali ya mtaa wanajua ndani ya nyumba yetu kuna familia ngapi. Sensa ya 2022 ilipita ikatuhesabu mmoja mmoja, ndiyo ikapatikana ile 5,383,728 ya mkoa mzima. Nyumba yenye kaya sita mita yake iwe na kikomo cha uniti 450. Hili ni jambo la kubadilisha kwenye kompyuta. Kesho asubuhi tungeamkia bei ya 122 na karatasi ya daftari ingeanza kukosa sababu yake moja kati ya mbili: ya bei ingeondoka, ingebaki hofu ya moto.

Najua mtakachosema, kwamba bei ya 100 haifidii gharama ya kuzalisha na shirika litaumia. Hoja hiyo ni ya kweli. Basi wekeni bei ya katikati, mahususi kwa kupikia. Waganda wamefanya: tangu 2022 wana bei ya kupikia majumbani, uniti ya 81 hadi ya 150 inauzwa kwa bei ya chini kuliko ya kawaida, ili mtu akivuka matumizi ya taa asiadhibiwe bali avutwe aingie jikoni. Na mkumbuke kwamba hizo uniti 45 ninazotaka kupikia leo hamniuzii hata moja kihalali. Anaziuza mwenye lori.

Pili, TANESCO. Ile 320,960 ina ndani yake waya wa kutoka kwenye nguzo hadi nyumbani. Mita ya pili, ya tatu na ya sita ndani ya nyumba ambayo waya umekwisha kufika haina safari hiyo. Iuzwe kwa bei ya kijijini, na kama hata hiyo ni ngumu, ikatwe kidogo kidogo kwenye tokeni. Uwezo wa kukata mnao. Kodi ya jengo mnaikata tangu 2021 bila kukosea mwezi hata mmoja. Ila mita zikiwa sita kwenye jengo moja, hiyo 1,500 tafadhali isije ikakatwa mara sita, tukawa tumehama moto tukaingia kwenye makaa.

Tatu, na hapa ndipo ningependa mnisikilize kama mwalimu wa fizikia. Nyumba nzima haihitaji kusukwa upya ndipo watu wapike. Majiko sita ya presha ya wati 1,000 kila moja, yakiwashwa yote kwa dakika moja, ni wati 6,000. Gawa kwa volti 230, unapata ampea 26. Waya mmoja mnene, wa milimita 6, kutoka kwenye meinswichi, upite darini au nje ya ukuta hadi kibanda cha uani, wenye saketi breka yake na soketi sita, kila chumba soketi yake na mita yake ndogo, unabeba mzigo huo bila kupata joto la hatari. Waya chakavu wa vyumbani mnauacha na taa zake. Kazi ya fundi ya siku mbili. Na sisi wapangaji tumezoea kupika pamoja uani; huko ndiko maneno ya mtaa yanakopikwa pia. Jaribuni nyumba hamsini za Manzese, Tandale, Buguruni na Mbagala. Fedha mnayotoa ruzuku ya mitungi ya gesi, mkichota kiasi tu, inatosha kuona matokeo.

Ila mkifanya hayo bila kugusa transfoma, mtatuua kwa kicheko. Saa mbili usiku kwetu taa tayari zinafifia kama koroboi, feni inazunguka kwa kuombwa. Ongeza majiko elfu mbili kwenye mtaa na transfoma ile ile, italipuka kabla ya wali kuiva. Anzeni na mitaa ambayo transfoma ina nafasi, halafu muongeze.

Kwenu wakurugenzi wa jiji na manispaa neno ni moja. Nyumba za kupangisha bado zinajengwa kila wiki, Goba, Chanika, Kivule, na mchoro unapita mezani kwenu kabla ya kibali. Chumba kikichorwa bila mita na bila waya wa jiko, msigonge muhuri.

Kuna rafiki zangu wanaoniuliza mbona sisemi habari za sola, na jua la Dar lilivyo kali. Jua ni kali, lakini paa si langu. Aliyewahi kuegesha paneli dirishani kwa ajili ya taa aliamka akakuta imeondoka na nondo. Mahali pa sola mjini ni juu ya mabati ya shule na masoko, ambako kuna paa kubwa, kuna mlinzi, na chakula kinapikwa mchana, saa ile ile jua linapowaka. Taasisi inayolisha watu zaidi ya mia moja kwa siku ilitakiwa iwe imeacha kuni na mkaa tangu Januari 2024; nyingi bado zinahangaika, na juu yao mabati yanaungua bure. Na siku ukame ukirudi, tukarudi kwenye mgao kama wa 2023, hayo mabati ndiyo yatakayotuokoa.

Barua hii niliisoma kwa sauti jana jioni uani kabla ya kuituma. Watu wa chumba cha kwanza walicheka pale kwenye redio. Mama mwenye nyumba alikuwa anachambua mchicha, hakuinua uso. Nilipomaliza akaniuliza hizo soketi sita atalipa nani. Nikamwambia ndiyo tunayoiomba serikali. Akakung'uta mchicha, akasema: "Basi wakikubali, hilo jiko la chini ya kitanda ulilete huku nje. Kila siku naisikia redio yako tu."

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mpangaji, chumba namba nne,
Manzese, Dar es Salaam